Maisha ya Gunpei Yokoi, na Mbuzi Watatu wa Awoowe

Kila mwaka kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri hujaa viongozi, wapigania uhuru na wakimbiaji wa mbio ndefu. Sina neno nao. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi niwaletee mtu ambaye hakushika bunduki wala bendera, na sidhani kama aliwahi kulisikia jina la Garissa. Alikuwa Mjapani, aliajiriwa na kampuni ya karata, na alifariki mwaka wa 1997, kabla yangu mimi na nyinyi nyote wenzangu wa darasani kuzaliwa. Jina lake ni Gunpei Yokoi. Huyu ndiye aliyeitia gemu mfukoni, na kwa njia ya mzunguko ndiye aliyenifanya nipoteze mbuzi watatu wa babu yangu.

Hebu nianze na mbuzi, maana bila wao nisingemjua.

Likizo ya Desemba Abti, yaani mjomba wangu, alitoka Nairobi akaniletea kile kidude cha matofali ambacho wengi wenu mnakijua. Eastleigh kinauzwa, na hata hapa mjini, Soko Mugdi, ukitafuta vizuri utakikuta kimelala kati ya tochi na redio. Juu yake kimeandikwa eti kina michezo 9999. Uongo mtupu! Michezo ni michache tu, imebadilishwa kasi na namba basi. Ule mkubwa ni wa vipande vinavyoanguka kutoka juu, kila kimoja kimeundwa kwa miraba minne. Wewe kazi yako ni kuvizungusha na kuvipanga hadi mstari ujae kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari ukijaa unafutika.

Asiyewahi kucheza hawezi kuelewa utamu wake. Mstari mmoja ukifutika, roho inatulia kama ya mtu aliyefagia nyumba akaiona sakafu. Ikifutika minne kwa mpigo, wallahi hata kiu unaisahau. Na maudhi yake je? Kuna kile kipande kirefu kama fimbo. Umekiachia shimo lake pembeni, umekijengea ukuta safi kabisa, sasa unakingoja. Hakiji. Kinakuja cha pembe. Kinakuja kingine cha pembe. Unangoja mpaka ukuta unakaribia dari, unakata tamaa, unaliziba lile shimo kwa takataka yoyote, na hapo hapo, kana kwamba kilikuwa kimejificha kinakuchungulia, fimbo inashuka. Halafu mchezo wenyewe hauna kushinda. Unaongeza kasi, unaongeza kasi, mpaka umekuzika. Kila mara unazikwa. Na kila mara unaanza upya kwa sababu umeona kosa lilikuwa lako mwenyewe, na safari hii, unajiambia, hutalirudia.

Boma la babu, ambaye kwetu tunamwita Awoowe, liko nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Modogashe. Huko hakuna stima. Simu lazima ipelekwe dukani ikachajiwe kwa sola na kulipiwa, na hata ikijaa chaji, ukiitoa juani kioo kinakuwa cheusi tititi. Kidude cha Abti kilikuwa na tabia tofauti. Kilikula betri mbili tu za tochi, zikadumu siku nyingi, na jua lilivyozidi kuwaka ndivyo kilivyozidi kuonekana. Ndiyo maana nilikichukua malishoni. Siku hiyo nilikaa chini ya mgunga, mbuzi wakiwa mbele yangu, nikajiambia nacheza mara moja tu. Nilipoinua uso jua lilikuwa limeshaegemea machweo na hesabu ya mbuzi ilikuwa na upungufu wa watatu. Usiku ule hatukulala. Asubuhi tuliona mabaki ya wawili, fisi alikuwa amemaliza kazi. Wa tatu hatukumwona hata unyoya.

Baba alikichukua kidude akatafuta jiwe la kukipondea. Awoowe alimzuia. Hakunifokea hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliamua kwamba nitalipa mbuzi watatu kutoka katika wale wangu mwenyewe, maana nilipozaliwa nilipewa jike mmoja, na sasa walikuwa wamefika wanne. Wawili aliwachukua siku ile ile. Wa tatu angesubiri jike langu lizae. Kuhusu kidude, alikifungia katika kopo lake la bati akasema kitakaa humo mpaka nimletee habari za mtu aliyekaa chini akafikiria kutengeneza kitu kama kile, na alikuwa anatafuta nini. Nadhani alitarajia kusikia habari za mtu mbaya.

Basi nilirudi mjini, nikaenda maktaba, nikamsumbua mwalimu wa kompyuta karibu muhula mzima. Niliyoyapata ndiyo haya.

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto, mji mkongwe uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Alisomea mambo ya elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, hapo hapo mjini. Inasimuliwa kwamba hakuwa mwanafunzi wa kung'ara, na kampuni kubwa za umeme alizoomba kazi zilimkataa. Mwaka wa 1965 akaingia katika kampuni ya jirani iliyokubali kumchukua. Kampuni hiyo ilikuwa Nintendo. Msishtuke mkadhani alikuwa amepata bahati ya mtende. Nintendo wakati huo haikujulikana kwa gemu yoyote ya umeme. Ilianzishwa mwaka wa 1889 kutengeneza karata zenye picha za maua, na bado karata ndizo zilizoilisha. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuangalia mashine za kutengenezea karata zisiharibike. Fundi wa mitambo, basi.

Mashine zikienda sawa fundi hana la kufanya. Yokoi akaanza kujichezea. Alichukua vipande vyembamba akavipishanisha kama wavu, akaviunga na mishikio miwili. Ukiibana mishikio, wavu unanyooka na kuwa mkono mrefu wa kushikia vitu vya mbali. Ukiiachia, unarudi. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, mtu aliyeogopwa sana na wafanyakazi wake, akamwona. Akamwita ofisini. Mimi niliposoma hapo nilijua ameisha, anafukuzwa. Kumbe Yamauchi alitaka kitu kile kitengenezwe kiuzwe kama kichezeo cha watoto. Kilitoka mwaka wa 1966 kwa jina la Ultra Hand, zikauzwa zaidi ya milioni moja, na Yokoi akahamishwa kutoka kwenye mashine za karata akaambiwa kazi yake sasa ni kubuni vichezeo.

Samahani walimu wangu, lakini hapa nilifunga daftari nikafikiri kwa muda. Mtu amekutwa akicheza saa za kazi, anapandishwa cheo. Mimi nimekutwa nikicheza saa za kazi, nimelipishwa mbuzi. Nilipomweleza mwenzangu wa bweni jambo hili alinijibu kwamba mashine za karata haziliwi na fisi, nikanyamaza.

Baada ya hapo alibuni vichezeo vingi, na sitavitaja vyote. Kimoja cha mwaka wa 1969 kiliitwa Love Tester. Mvulana na msichana wanashikana mikono, kila mmoja anashika mpira wa chuma, na sindano inaonyesha eti wanapendana kiasi gani. Kwa kweli kilichopimwa ni umeme mdogo unaopita mwilini, na nia yake ilikuwa tu vijana wapate kisingizio cha kushikana mikono. Mwalimu mlezi wa chama atanisamehe kwa kukitaja, ni historia. Kingine, cha mwaka wa 1970, kilikuwa bunduki ya mwanga ya kulenga shabaha, na shabaha ilijua imepigwa kwa kutumia kipande cha sola, ndugu yake yule yule anayetuchajia simu huku kwetu. Watu walijua sola ni ya kutoa umeme. Yokoi akaona inaweza kuwa jicho.

Jambo hili la sola ndilo ufunguo wa mtu huyu. Alikuwa na wazo ambalo Wajapani wanalinukuu mpaka leo, nami nitalieleza kwa maneno yangu. Vifaa vipya kabisa ni ghali, vinaharibika ovyo, na kila mtu anavikimbilia. Vifaa vilivyokwisha kunyauka, vile ambavyo vimetumika miaka mingi hadi bei imeanguka na ubovu wake wote unajulikana, havina mshindani. Vichukue hivyo, uvigeuze ubavu, uvitafutie kazi ambayo hakuna aliyewahi kuvipa.

Mwenzangu, huhitaji kwenda Kyoto kulielewa hilo. Tazama akala miguuni mwa wachungaji: ni tairi la lori lililokwisha kazi barabarani. Tazama koroboi, ni kopo la kawaida lililotiwa utambi. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa hapa hapa Garissa. Mwaka wa 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilitaka kufikisha vitabu kwa watoto wa wafugaji wanaohamahama, mahali ambapo gari linazama mchangani. Wakaanza na ngamia watatu. Mnyama ambaye babu zetu walimpakia maji na miti ya nyumba tangu zamani za kale, sasa anapakiwa masanduku ya vitabu. Ngamia ni yule yule. Kazi ndiyo mpya. Mwaka huo huo Yokoi alikuwa anaondoka Nintendo, na naapa kama angeliona lile jambo angelicheka kwa furaha. Lakini nimekimbia mbele, turudi nyuma.

Mwaka wa 1980 dunia ilikuwa inaingiwa na wazimu wa kile kifumbo cha mraba chenye rangi sita kilichobuniwa na Mhungari Ernő Rubik. Yokoi naye akatoa chemshabongo yake ya mkononi, pipa dogo lenye vijipira vya rangi ambavyo unavizungusha mpaka kila rangi ikae mstari wake. Aliita Ten Billion, yaani bilioni kumi, kwa wingi wa namna vijipira vinavyoweza kujipanga. Haina betri wala kioo. Nimeiona kwa picha tu, na hata kwa picha inaudhi.

Lakini mwaka huo huo alifanya kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba alikuwa ndani ya garimoshi la kasi, akamwona mfanyakazi mmoja wa ofisini amechoka, amechukua kalkuleta yake anabonyeza bonyeza namba bila hesabu yoyote, ili muda upite tu. Yokoi akajiuliza kwa nini mtu huyo asipewe kitu cha kumpitishia muda, kidogo cha kufichika mkononi, asionekane na wengine kama mtoto. Wazo likalala. Siku moja dereva wa Yamauchi akaugua, na Yokoi akatakiwa aendeshe gari la bosi. Safari ndefu, kimya kizito. Ili kuvunja kimya akamsimulia lile wazo la gemu ndogo kama kalkuleta. Yamauchi hakuonyesha dalili ya kujali. Kumbe huko mkutanoni alikaa karibu na mkuu wa kampuni ya Sharp, watengenezaji wa vioo vya kalkuleta, na baada ya siku chache watu wa Sharp walikuwa wamefika kuzungumza na Yokoi.

Wakati huo kampuni za kalkuleta zilikuwa zimeshindana mpaka bei ikaporomoka, na vioo vilikuwa vingi na rahisi. Kifaa kilichonyauka, mnaona? Gemu zilizozaliwa hapo ziliitwa Game & Watch, kwa sababu kila moja ilikuwa gemu na saa. Kila gemu ilikuwa na mchezo mmoja tu. Picha zake hazikuchorwa na kompyuta. Zilikuwa zimechapwa kwenye kioo tangu kiwandani, kila moja mahali pake, na umeme uliziamsha na kuzilaza kwa zamu, kama namba za saa. Zikauzwa zaidi ya milioni arobaini duniani.

Niliposoma hilo nilikumbuka kitu. Kidude changu cha matofali, nikikilaza upande juani, nilikuwa naona kivuli hafifu cha miraba yote kwa pamoja, hata iliyozimwa. Nilidhani ni ubovu. Sasa najua. Miraba yote imo tangu mwanzo. Ule mchezo wote unaouona unaanguka hauanguki, ni miraba inayopokezana kuamka na kulala. Nilisikia raha ya ajabu kulijua hilo, na hasira kidogo pia, maana nilikufa mara elfu kwa ajili ya kitu ambacho hakikusogea hata kidogo.

Mwaka wa 1982, katika Game & Watch ya Donkey Kong, Yokoi alitoa kile kitufe cha msalaba cha kidole gumba: juu, chini, kushoto, kulia. Kabla ya hapo gemu nyingi ziliendeshwa kwa kijiti kinachochomoza, na kijiti hakiingii mfukoni. Msalaba ule ulienea duniani kote, na gemu nyingi za kushika mkononi unaozijua leo zinao.

Sasa nafika Game Boy. Hii ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Yokoi na kundi lake, akiwemo mhandisi Satoru Okada, walitaka kifaa kimoja kinachobadilishwa kaseti, ili usinunue gemu mpya kila ukitaka mchezo mpya. Ingewezekana kuweka kioo cha rangi. Washindani waliweka: Atari walileta Lynx mwaka huo huo, na Sega wakaleta Game Gear mwaka wa 1990, zote zikiwa na rangi na taa ndani ya kioo. Game Boy ilikuwa na kioo cha kijanikijani chenye vivuli vinne, bila taa. Ukikaa gizani huoni kitu. Wanafunzi wa bweni mnaojifunika blanketi na tochi mnanielewa. Watu waliicheka. Lakini Game Boy ilikula betri nne ikaendelea zaidi ya saa kumi. Za rangi zilikula betri sita zikazima baada ya saa tatu, nne, tano. Na bei zake zilikuwa juu sana.

Kioo hicho kilimtesa. Kile cha kwanza walichochagua kilionekana tu ukikitazama uso kwa uso, ukikiinamisha kidogo picha inapotea. Inasimuliwa kwamba Yamauchi alikitazama akatishia kusimamisha kazi yote, na Yokoi akapoteza hamu ya chakula kwa wasiwasi mpaka Sharp walipopata aina nyingine ya kioo. Watu hudhani mbunifu wa michezo anacheza tu kutwa. Thubutu.

Na mchezo uliokwenda na Game Boy huko Marekani ni upi? Ni ule ule wa vipande vya miraba minne. Ulibuniwa mwaka wa 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha serikali, akauita Tetris. Mfanyabiashara Henk Rogers ndiye aliyeisukuma Nintendo iuweke. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiweka Mario watanunua wavulana wadogo, ukiweka Tetris watanunua wote, wazee kwa vijana. Alisema kweli. Mwaka wa 1993 mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, aliipeleka Game Boy na Tetris mpaka kituo cha anga cha Mir. Game Boy nyingine iliungua katika Vita vya Ghuba vya 1990 na 1991, plastiki yake ikayeyuka na kugeuka nyeusi, na bado iliwaka. Kwa miaka mingi ilikuwa imewekwa katika duka la Nintendo jijini New York, imeunguzwa hivyo, inaonyesha Tetris. Ukijumlisha na ile ya rangi iliyofuata mwaka wa 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Lazima niseme ukweli hapa ili nisimsingizie marehemu. Kidude cha Abti hakikutengenezwa na Yokoi wala na Nintendo. Ni kazi ya viwanda vya Uchina, vilivyochukua mchezo wa Pajitnov na kioo cha namna ya Game & Watch, wakavichanganya kwa bei ya chini kabisa. Kwa hiyo ni mtoto asiyetambuliwa na baba yeyote. Lakini sura ya ukoo haifichiki.

Yokoi mwenyewe alisimamia mchezo mwingine wa aina hiyo mwaka wa 1990, Dr. Mario, ambapo unaangusha vidonge vya rangi juu ya vijidudu. Huo angalau una mwisho wa kila ngazi: ukiua vijidudu vyote umeshinda. Nauonea wivu.

Halafu mambo yakamgeukia. Mwaka wa 1995 alitoa Virtual Boy, kitu unachokitumbukizia macho ukaona picha nyekundu zenye kina. Watu walilalamika kuumwa na kichwa na shingo. Haikufika hata milioni moja, na kabla ya mwaka kwisha Japani ilikuwa imeachwa kuuzwa. Baada ya miaka thelathini ya mafanikio, watu walimkumbuka kwa hiyo moja. Agosti 1996 aliondoka Nintendo. Wengi walisema amefukuzwa na aibu, ingawa yeye alieleza kwamba alikuwa na nia ya kujitegemea tangu zamani. Alianzisha kampuni yake ndogo hapo Kyoto, akaiita Koto, akaanza kusaidia kampuni ya Bandai kubuni gemu mpya ya mkononi iitwayo WonderSwan. Na unajua ilikula betri ngapi? Moja!

Hakuiona ikitoka. Tarehe 4 Oktoba 1997, katika barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa, gari alimokuwa amepanda lilipata ajali ndogo. Alishuka kutazama uharibifu, na gari jingine lililokuwa linapita likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56. WonderSwan ilitoka Machi 1999, na pamoja nayo chemshabongo aliyokuwa ameibuni, ya kuunganisha vipande vya mistari kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Waliipa jina lake: Gunpey.

Nilimpelekea Awoowe habari hizi likizo ya Aprili, nikamsimulia kwa Kisomali jioni nzima. Aliketi na wazee wenzake mahali pao pa shax. Kwa wasioijua, shax ni mchezo wetu wa kuchorwa mchangani, miraba mitatu mmoja ndani ya mwingine, kila mchezaji na kete kumi na mbili, huyu mawe, yule vijiti. Ukipanga tatu mstari mmoja unamla mwenzako moja. Wazee walisikiliza huku wakicheza. Yule mtu wa garimoshi na kalkuleta walimwelewa mara moja. Love Tester niliiruka.

Nilipofika kwenye gemu za rangi zilizozimika baada ya saa tatu, Awoowe alinisimamisha nirudie. Halafu akawaeleza wenzake kwamba zile za rangi ni ng'ombe, wazuri wa kutazama lakini lazima wanywe kila siku, na ile ya kijani ni ngamia. Wazee wakacheka sana. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa nyingi za wataalamu kuhusu jambo hilo, na hakuna aliyelieleza vizuri hivyo. Habari ya kifo ilimkera. Aliuliza mara mbili kama kweli mtu huyo alishuka mwenyewe, kutazama bati lililobonyea tu.

Kesho yake alilifungua lile kopo. Alitaka kuonyeshwa. Nilimweka kidole gumba kwenye vitufe, akacheza, akazikwa chini ya dakika moja, akakasirika akasema mchezo usio na mtu mbele yako ni kama kugombana na upepo. Kisha akataka tena. Alipofika mara ya nne au ya tano niliona ameanza kumwachia fimbo shimo pembeni, bila kufundishwa na mtu. Akaingoja. Unajua iliyokuja.

Alicheza siku tatu, mchana tu, akiwa amekipa kisogo jua ili kioo kishike mwanga, nami nikachunga. Siku ya tatu betri ziliisha. Sikununua nyingine, hakuniagiza, na kidude kikarudi koponi. Jike langu bado halijazaa, kwa hiyo mbuzi wa tatu bado ni deni.